Kindu: nani anaulizwa kabla nyumba ya zamani haijabomolewa?

Kwenye ramani za wakati wa ukoloni, mji wetu una jina refu: Kindu-Port-Empain. Hilo jina la mwisho ni la Baron Édouard Empain, tajiri Mbelgiji. Kampuni zake ndizo zilijenga metro ya Paris, iliyoanza kazi mwaka 1900, na ndizo zilianzisha mji wa Heliopolis karibu na Cairo. Kampuni yake nyingine, CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ndiyo ilileta reli Maniema.

Huko Cairo, jumba la Baron huyo lilikaa tupu miaka na miaka. Watu walisimulia kwamba kuna mashetani ndani. Mwishowe serikali ya Misri ikalitengeneza, na mwaka 2020 likafunguliwa kwa wageni. Leo watu wanalipa tiketi ili waingie.

Kindu haikupata jumba. Ilipata vitu vizito zaidi: reli inayokuja kuishia karibu na mto Lualaba, bandari, kituo cha treni, karakana, na nyumba za matofali zenye baraza pana. Mji ulikua ukivizunguka vitu hivyo. Komine Kasuku na Mikelenge ziko upande wa reli, ukingo wa kushoto. Alunguli iko ng'ambo, na mkaaji wake hana budi kuvuka maji ili afike upande wa kituo. Ukitaka kujua kwa nini Kindu iko pale ilipo, usitafute kwenye kitabu. Simama bandarini, angalia reli na mto vinavyokutana.

Basi siku mtu anataka kubomoa moja ya majengo hayo, au kukata dirisha lake kugeuza duka, nani anaulizwa kwanza?

Nyumba ya zamani haibomolewi kwa uamuzi mmoja. Inaanza na bati lililotoboka. Mvua ya Maniema inaingia, dari inaoza, ukuta unanyonya maji. Warithi ni saba, wawili wako Kinshasa, mmoja Lubumbashi, na hakuna anayetaka kulipa bati peke yake. Miaka inapita. Anakuja mnunuzi, anaangalia parsele, haangalii nyumba. Kwake yeye thamani ni udongo na njia kubwa mbele yake. Wiki mbili baadaye matofali ya zamani yanauzwa kwa pikipiki, na msingi mpya wa simenti umeshachimbwa. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna hata aliyejua kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza.

Sheria ipo, na si ya jana. Tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ilipata amri-sheria inayolinda mali ya utamaduni, ile inayohamishika kama sanamu na vinyago, na ile isiyohamishika kama majengo na mahali pa historia. Jengo likiandikwa rasmi kwenye orodha ya serikali, mwenyewe harusiwi kulivunja wala kuligeuza bila ruhusa ya waziri wa utamaduni. Katiba ya 2006 nayo, kwenye kifungu cha 46, inasema taifa linalinda urithi wa utamaduni na kuutangaza. Urithi wa historia wenye faida kwa taifa zima umewekwa mikononi mwa serikali kuu, lakini maisha ya utamaduni ni kazi ya pamoja kati ya Kinshasa na majimbo.

Kwenye karatasi hiyo ni nzuri. Ila kati ya ofisi ya waziri Kinshasa na avenyu moja ya Kasuku kuna umbali ambao hakuna treni inayoufunga. Waziri hawezi kujua kwamba asubuhi ya leo fundi amepanda juu ya paa na nyundo. Anayeweza kujua ni shefu wa kartie, wakala wa urbanismu anayetoa ruhusa ya kujenga, mtu wa kadasta, na jirani. Ndiyo maana miji iliyofaulu kuokoa nyumba zake haikungoja mji mkuu. Iliweka tume au ofisi ndogo ndani ya mji wenyewe, yenye kazi moja: kuangalia kila ombi la kujenga au kubomoa kabla halijapata mhuri.

Mfano ulio karibu nasi, kwa damu na kwa lugha, uko Zanzibar.

Nyumba ya mtu wa Kasongo

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Shangani, kuna nyumba ndefu yenye mlango wa mbao uliochongwa. Ni nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sisi tunamjua kama Tippu Tip. Huyo ndiye aliyekaa Kasongo, akatawala biashara ya pembe na ya watu katika Maniema yote, akafanywa na mfalme Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, kisha akarudi pwani na kufa Zanzibar mwaka 1905. Utajiri uliojenga maisha yake pale ulitoka huku kwetu. Pembe zilibebwa mabegani mwa watu kutoka Lualaba hadi ziwa Tanganyika, toka ziwa hadi baharini.

Nyumba hiyo iliponea kwa bahati na kwa kazi. Baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ya Zanzibar ilichukua nyumba nyingi za matajiri na kuzigawa kwa wapangaji. Kodi ilikuwa ndogo, na mpangaji hawezi kubeba gharama ya paa ambalo si lake. Nyumba ya Tippu Tip nayo ilijaa familia. Kufika miaka ya 1980, nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zinaanguka moja moja wakati wa masika, kama meno ya mzee.

Mwaka 1985 wakaweka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 1994 sheria ikaipa nguvu. Kitu cha kwanza kilichosaidia hakikuwa fedha. Kilikuwa orodha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipita nyumba kwa nyumba, karibu majengo 1,700, wakaandika hali ya kila moja: ukuta, paa, mlango, nani anakaa ndani, nini kimebadilishwa. Toka orodha hiyo wakapanga majengo kwa ngazi. Machache ni ya thamani ya juu kabisa, hayaguswi bila ruhusa maalumu. Mengine mwenyewe anaweza kutengeneza ndani apendavyo mradi sura ya mbele ibaki. Mengine yako huru kabisa.

Hizo ngazi ndizo siri ya kazi. Watu wengi wakisikia neno "kulinda" wanafikiri serikali inakuja kuwafungia nyumba zao. Tume inayojua kazi yake inasema kinyume: nyumba nyingi fanya upendavyo, hizi chache tu tuzungumze kwanza.

Kazi ya pili ni ya mafundi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu akizipaka simenti, anafikiri amezitia nguvu, kumbe amefungia maji ndani. Ukuta hautoi jasho tena, chumvi inakula jiwe, na baada ya miaka michache simenti inabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Mamlaka inamwambia mwenye nyumba kurudia chokaa. Hapa Kindu matumbawe hakuna, lakini somo ni lile lile kwa matofali laini ya kuchomwa yaliyojengwa kwa udongo au chokaa: simenti ngumu juu ya tofali laini inafungia maji ndani ya tofali. Fundi mzee aliyezoea matofali ya zamani anaweza kulieleza hilo kuliko mhandisi wa leo, na tume yenye akili humpa kiti.

Mwaka 2000 UNESCO iliandika Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata ikafika zamu ya Lamu, kule Kenya, ambako mji wa kale ulikuwa tayari chini ya ulinzi wa sheria tangu 1986. Kongo nayo ina mahali patano kwenye orodha ile: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na mbuga ya Okapi. Zote ni mbuga na misitu. Jengo, mji, au soko, hakuna hata kimoja.

Nisiipambe Zanzibar kupita kiasi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 na ambalo ndilo picha ya mji wenyewe, lilianguka mchana wakati mafundi wako kazini. Watu wawili walikufa. Mamlaka ilikuwepo, sheria ilikuwepo, jina la UNESCO lilikuwepo, na kipande cha jumba hilo kilikuwa kimekwisha kuanguka mwaka 2012. Tume haizuii mvua. Inachoweza ni kupiga kelele mapema, na kelele hiyo inasaidia tu kama mwenye fedha anasikia.

Njia iliyokatika ziwani

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kama mahali inapotaka paandikwe siku moja. Njia hiyo inaanza Bagamoyo, inapita Mpwapwa na Kwihara karibu na Tabora, inaishia Ujiji kando ya ziwa Tanganyika.

Inaishia Ujiji kwa sababu mpaka wa Tanzania unaishia pale. Misafara haikuishia pale. Ilivuka ziwa, ikapanda milima, ikaja Kasongo na Nyangwe. Wamanyema wa Kigoma na Ujiji wanabeba mpaka leo jina la nchi yetu. Nusu moja ya njia ina orodha na vibao vya kumbukumbu, na nusu ya pili ni sisi.

Na nusu yetu ndiyo nzito. Nyangwe, kando ya Lualaba, ilikuwa soko kubwa ambako wanawake walikuja na samaki, vyungu na mafuta. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliwapigia risasi hapo sokoni. David Livingstone alikuwepo. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kwa risasi na kwa kuzama kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa maji ya matunda. Maandishi yakafifia kabisa, mpaka wataalamu wakayasoma upya kwa kamera maalumu miaka 140 baadaye. Kipande cha gazeti kimepata madaktari wake. Ukingo wa mto ambako watu wale walikufa unastahili angalau jiwe lenye maandishi.

Kasongo nayo. Jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa kwenye jeshi hilo, aliandika kwa mshangao kwamba hata askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri kwenye vitanda vya kuchongwa. Mji huo wa Tippu Tip haupo tena. Kasongo ya leo iko mahali pengine, na ile ya zamani watu wanaiita Tongoni. Wasomaji wa pwani watalitambua neno: tongo ni mahame, mahali palipokaliwa kisha pakaachwa. Karibu na Tanga kuna Tongoni nyingine, yenye msikiti na makaburi ya kale, na hiyo inalindwa na serikali. Ya kwetu ilichimbwa na watafiti wa mambo ya kale miaka ya 2010, Wazungu pamoja na Wakongomani, ambao walichimba udongo na kurekodi masimulizi ya wazee. Kazi yao ilitangazwa mwaka 2020.

Hapo watafiti walifanya jambo ambalo tume ya Kindu ingefaa kuiga: walianza na wazee. Wazee ndio walijua msikiti ulikuwa wapi, kisima wapi, miembe ya nani.

Kwa nini tulinde nyumba za waliotutesa?

Swali hili linarudi kila mara, na ni la haki. Reli ya Kindu kwenda Kongolo, kilomita 355, iliyomalizika kuelekea 1911, ilijengwa na watu ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Nyumba za baraza pana zilikuwa za Wazungu, na babu zetu waliingia kwa mlango wa nyuma. Tippu Tip hakuwa mgeni mwema. Kuna wanaosema: yaanguke, vizuri.

Mimi sikubaliani, na sababu yangu si uzuri wa majengo. Ukibomoa kituo na bandari, hubomoi kumbukumbu ya Baron. Jina lake lina jumba Cairo, na Paris watu wanapanda metro yake kila siku. Unachobomoa ni ushahidi wa mikono ya waliojenga. Hao hawakuandika vitabu. Matuta ya reli ndiyo maandishi yao, na tofali ambalo limebaki na alama ya vidole vya aliyelipiga linasema zaidi kuliko hotuba.

Halafu kuna mambo ambayo ni yetu kabisa. Kiswahili chenyewe tunachosema huku, ambacho vitabu vya zamani viliita Kingwana, kilishuka mto huu pamoja na waungwana wa Kasongo na Nyangwe. Misikiti ya kwanza, bandari za mitumbwi za Wagenya, makaburi ya mwaka 1964 na ya vita vya 1998: hayo hayakuachwa na Mbelgiji yeyote.

Na wengine wanakumbuka kwa niaba yetu. Tarehe 11 Novemba 1961 wanajeshi 13 wa ndege kutoka Italia, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Ukifika uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma, utakuta mnara wao. Pisa kuna kanisa la kumbukumbu. Nchini Italia kuna wazee ambao mji pekee wa Kongo wanaoujua kwa jina ni Kindu. Mtoto wa shule wa Kasuku naye angefaa aonyeshwe mahali na asimuliwe kilichotokea: hasira ya wakati ule, Katanga, Lumumba aliyeuawa mwanzoni mwa mwaka huo huo, na watu 13 ambao hawakuwa maadui.

Daftari na kamera

Tume ya mji haihitaji jengo jipya wala gari. Kwa kuanzia inahitaji watu kama saba: mmoja wa meri, mmoja wa urbanismu, mmoja wa kadasta, mmoja wa idara ya utamaduni ya jimbo, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, fundi wa matofali, na mzee mmoja toka kila komine, ukipenda tisa basi. SNCC, kampuni ya reli ya taifa tangu 1974, lazima iwe mezani, kwa kuwa reli na kituo viko mikononi mwake. Maaskofu na maimamu pia, kwa majengo yao.

Kazi ya mwezi wa kwanza ni kutembea na daftari na simu yenye kamera. Kila jengo: picha nne, mwaka kama unajulikana, mwenyewe, hali ya paa. Paa kwanza! Nyumba yenye paa zima inaweza kungoja miaka ishirini. Nyumba yenye paa bovu haingoji masika mawili.

Kazi ya pili ni makubaliano madogo na urbanismu: ombi lolote la kubomoa au kugeuza jengo lililo kwenye daftari lipite mezani mwa tume, na jibu litoke ndani ya siku zinazojulikana, tuseme thelathini. Likichelewa, mwenye nyumba aendelee. Bila kikomo hicho tume itageuka kizuizi kingine cha njiani, na sisi sote tunajua vizuizi vya njiani vinalishwa nini. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ukosefu wa fedha. Ruhusa inayouzwa haiokoi nyumba yoyote.

Ya tatu ni kumsaidia mwenye nyumba. Kumwambia mjane asibomoe huku paa linavuja ni ukatili. Mji unaweza kumpunguzia kodi ya parsele, kumwonyesha fundi anayejua, kumwacha afungue duka kwenye baraza bila kuvunja ukuta wa mbele. Zanzibar imejaa maduka, shule na hoteli ndani ya nyumba za karne ya 19. Nyumba isiyokaliwa ndiyo inayokufa.

Majengo machache yaliyo bora, jimbo liyapeleke Kinshasa kwa maandishi, ili yaandikwe chini ya sheria ya 1971. Ombi lenye picha, ramani ya kadasta na historia ya ukurasa mmoja lina uzito kuliko malalamiko ya miaka kumi redioni.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni rahisi: kituo cha treni, bandari, karakana. Wa pili ni mgumu kidogo, nyumba za Kasuku, kwa sababu pale kuna warithi. Wa tatu utahitaji mtumbwi. Upande wa Alunguli hakuna reli wala kituo cha kukuongoza, kuna wazee tu wanaojua nani alikaa wapi kabla ya 1911, na kazi hiyo inabidi ifanyike wakati bado wanaweza kutembea kwenda kuonyesha kwa kidole.